Okidi-chui na Njia ya Kindu Hadi Kasongo

Okidi-chui ni mmea usiohitaji udongo. Huota kwenye panda ya mti, hukulia hapo, huzaa hapo, na mara nyingi hufika chini siku tawi lililoubeba linapovunjika. Wataalamu wa mimea huuita Ansellia africana. Jina la chui umelipata kwa maua yake ya manjano yenye madoa ya kahawia, lakini jina hilo linaufaa kwa namna nyingine pia: kama chui, mmea huu hukaa juu ya tawi, na apitaye chini hana habari nao.

Ni wa jamii ya okidi, jamii yenye spishi zipatazo 28,000 duniani, na takriban saba katika kila kumi huishi juu ya mimea mingine. Ndugu anayejulikana zaidi jikoni ni vanila, inayolimwa Uganda na katika pande za Beni na Butembo, ijapokuwa vanila hutambaa na huanza safari yake ardhini. Okidi-chui haina tunda la kutia kwenye keki. Wenye kuitamani huitaka kwa maua yake, na kwa dawa.

Eneo lake ni pana: karibu Afrika yote ya kitropiki, kutoka magharibi mpaka pwani ya Kenya na Tanzania, kisha kusini hadi Afrika Kusini, na Kongo imo katikati. Hata hivyo si mmea wa kila msitu. Hupenda mwanga, na ndiyo maana njia itokayo Kindu kwenda kusini, kupitia Kibombo na Nyangwe hadi Kasongo, inamfaa anayetaka kuufahamu. Njia hiyo huanzia kwenye msitu mkubwa wa ikweta na kuishia kwenye nyika yenye misitu ya kandokando ya mito. Makao ya mmea huu ni huko mpakani, mahali ambapo miti imeachana kiasi cha kuruhusu jua kufika kwenye shina.

Kindu

Siku ya kwanza ni ya mjini. Kindu imekaa ukingo wa kushoto wa Lualaba, mto ambao baada ya maporomoko ya karibu na Kisangani hubadili jina na kuitwa Kongo. Tangu mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa, mji huu ni makao makuu ya jimbo la Maniema, lakini uhai wake ni wa zamani zaidi na umetokana na reli. Njia ya chuma itokayo kusini, kutoka Kongolo, hukomea hapa. Kuanzia hapa mizigo hupokewa na mto, nao huipeleka kwa mashua na mitumbwi hadi Ubundu, mwendo wa kilomita 300 hivi. Lugha ya gatini, ya sokoni na ya msikitini ni Kiswahili, kile ambacho Wazungu wa zamani walikiita Kingwana. Sahani ya mchana ni wali au bukari (ugali), sombe (kisamvu) iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese mpaka ikawa nyororo, na samaki wa mto. Mchele ni sifa ya Maniema. Uliletwa na misafara ya Waswahili katika karne ya 19, na wenyeji wakaupokea mpaka ukawa chakula chao.

Mawese hayo ndiyo yanayomwelekeza msafiri mahali pa kutazama. Mchikichi unapokatwa makuti yake, vikonyo hubaki vimeng'ang'ania shina kama ngazi. Katika kila ngazi hukusanyika majani makavu, vumbi na mavi ya ndege, na baada ya miaka michache shina zima huwa bustani ya kusimama: majimbi ya kila aina, ndevu za kuvumwani, na okidi ndogo ndogo. Mimea ya namna hii wataalamu huiita epifiti, maana yake mimea ikaayo juu ya mimea.

Hapa kuna kosa la zamani linalostahili kuondolewa mapema. Watu wengi, wakiwemo wenye mashamba, huuita mmea wowote ulioota juu ya mti kimelea, wakachukua panga na kuukwangua wakidhani wanauokoa mti. Vimelea wa kweli wapo, tena wengi. Wako wanaotoboa gome la mwembe au mchungwa, wakaingiza mizizi mpaka kwenye mishipa ya maji ya mti na kunyonya. Tawi lililovamiwa hudhoofika, na mwenye shamba ana haki ya kulikata. Epifiti haifanyi hivyo. Mizizi yake hushika gome kwa nje tu, kama mkono unavyoshika mlingoti. Maji huyapata kwenye mvua na umande, chumvichumvi huzipata kwenye uchafu unaooza, na chakula hujipikia yenyewe kwa majani yake ya kijani. Ni mpangaji anayelala barazani na kuja na chungu chake. Hasara pekee anayoweza kuleta ni uzito: kichaka kikubwa kilicholowa mvua kinaweza kulemea tawi lililokwisha kuoza.

Alunguli

Siku ya pili huanza kwa kuvuka mto kwenda Alunguli, ng'ambo ya mashariki. Alfajiri ukungu hulala juu ya Lualaba, na wapiga makasia husikika kabla hawajaonekana. Unyevu huo ni riziki ya mimea ya juu. Kindu iko chini ya ikweta kwa nyuzi tatu hivi. Mvua hupungua kuanzia Juni mpaka Agosti, lakini hata katika miezi hiyo umande wa asubuhi haukosekani.

Upande huu, msitu wa nchi ya Warega hauko mbali, na mgeni hudhani kwamba humo ndimo okidi-chui ingejaa. Si hivyo. Chini ya dari la msitu mnene mwanga ni haba, na mimea ya juu imegawana ghorofa. Kwenye mashina ya chini, kwenye kiza, hukaa majimbi membamba na kuvu. Katikati, kwenye matawi makubwa, ziko okidi za jenasi kama Bulbophyllum na Polystachya, nyingi zikiwa na maua madogo kuliko ukucha. Zipo pia za kundi la Angraecum na Aerangis, zenye maua meupe ambayo hutoa harufu usiku, na nyuma ya ua huning'inia mrija mrefu wa nekta, wa kufikiwa na nondo mwenye ulimi mrefu tu. Ni uzuri wa kificho, na anayeutaka lazima awe tayari kusimama usiku chini ya mti huku akitafunwa na mbu.

Okidi-chui haina tabia hizo. Hupenda jua la kuchujwa: ukingo wa msitu, mti mkubwa uliosimama peke yake, miti ya mtoni, nyika yenye miti. Kwa hiyo safari hugeuka, hurudi ukingo wa kushoto na kufuata reli.

Kibombo

Kutoka Kindu kwenda Kibombo, nchi ya Wakusu, nchi hufunguka kidogo kidogo. Kwanza msitu huacha mianya, kisha mianya hugeuka kuwa uwanda wa nyasi, na mwishowe mambo hupinduka: nyasi ndizo nyingi, na msitu umebaki mistari tu, ukifuata kila kijito. Mistari hiyo ya miti ni mahali pazuri pa kuinua shingo.

Kinachoonekana kwanza ni mizizi, na sehemu hii ya mmea ndiyo ya ajabu kuliko zote, hata kuliko maua yanayosifiwa. Okidi-chui ina mizizi ya namna mbili. Ya kwanza ni minene, hutambaa juu ya gome na kulikamata. Ya pili ni myembamba, myeupe na yenye ncha kali. Hii haishuki chini kama mizizi mingine bali husimama wima kuelekea angani, mamia kwa mamia, mpaka mmea mzima unafanana na kiota kilichofumwa kwa sindano. Kazi yake ni kunasa. Jani linaloanguka kutoka juu, ganda la mbegu, manyoya, mdudu aliyekufa, vyote hukwama humo na kuoza. Kwa namna hiyo mmea usio na udongo hujitengenezea udongo wake, kibaba kwa kibaba. Sisimizi huja kuishi humo, na mabaki ya chakula chao huongeza mbolea. Mkulima anayerundika mabaki ya shamba ili yaoze atauelewa mpango huu bila kuelezwa.

Mzizi wenyewe umevikwa koti. Chembe za koti hilo zimekufa na ziko tupu, kama sifongo. Zikiwa kavu hujaa hewa, na mzizi huonekana mweupe kama chaki. Mvua ikinyesha hunywa maji kwa muda mfupi sana, na rangi ya kijani iliyo ndani huanza kuonekana. Koti hilo pia huuzuia mzizi usikauke jua linapowaka. Okidi nyingi za mitini zina koti la aina hii, na bila hilo maisha ya juu ya tawi yangekuwa magumu, kwa maana juu ya tawi kila siku isiyo na mvua ni kiangazi kidogo.

Juu ya kiota cha mizizi husimama mashina, mengi pamoja, yamevimba na kugawanyika kwa pingili. Marefu hufikia nusu mita na zaidi. Ni ghala: humo mmea huweka maji na wanga kwa ajili ya siku za ukame. Mashina ya zamani hupoteza majani, yakageuka manjano, lakini huendelea kushikilia akiba na kuwalisha machipukizi. Kwa mtazamo wa haraka yanafanana na miwa mifupi, na Wazulu wa Afrika Kusini wameuita mmea huu imfeyenkawu, yaani muwa wa tumbili. Majani, sita au saba kwa kawaida, hukaa upande wa juu wa shina, moja huku na moja kule; ni membamba, magumu kama ngozi, na yana mishipa inayokwenda sambamba. Kichaka kilichozeeka huweza kuijaza panda yote ya mti.

Chakula cha jioni Kibombo hakina tofauti kubwa na cha Kindu, isipokuwa mihogo huzidi. Lakini mazungumzo ya okidi na chakula hayawezi kupita bila kutaja kikanda. Katika Katanga, Zambia na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, watu huchimba viazi vya okidi za ardhini, huvitwanga pamoja na karanga na magadi, na kupika mkate mzito unaokatwa vipande. Okidi zilizo kwenye Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, zilikuwa zikichimbwa kwa ajili ya chakula hicho. Okidi-chui haina kiazi cha namna hiyo, na kwa upande wa chungu imesalimika.

Nyangwe

Siku za katikati ni za kuvuka tena Lualaba na kushuka Nyangwe. Leo ni kijiji; katika miaka ya 1870 jina lake lilijulikana kuanzia Unguja hadi London. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa na kituo hapa, na soko lake la ukingoni liliwakutanisha watu wa pande zote mbili za mto, wanawake wakileta samaki, mihogo, vyungu na mafuta. Mpelelezi David Livingstone alifika Machi 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona watu wa misafara wakifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa. Mamia ya watu waliuawa kwa risasi au walizama mtoni. Habari alizoandika zilichangia shinikizo lililofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873. Mpelelezi mwingine, Cameron, alipita mwaka 1874, na mwishoni mwa 1876 Stanley, naye mpelelezi, aliondoka hapa kuufuata mto, akisindikizwa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip.

Miti haina kumbukumbu ya hayo, ila miembe ni ushahidi wa aina yake, kwa kuwa katika bara zima mti huu ulisambaa pamoja na misafara. Gome la mwembe mkuukuu lina mipasuko, na mipasuko ndiyo inayotakiwa na mbegu ya okidi.

Mbegu hiyo ni ndogo kiasi kwamba neno mbegu linaonekana kubwa mno kwake. Tunda la okidi-chui ni ganda la kijani linaloning'inia, lenye mbavu kwa nje. Likikomaa hukauka na kupasuka kwa nyufa, na katika nyufa hizo hutoka vumbi. Kila chembe ya vumbi ni mbegu: kijusi kidogo ndani ya ganda jepesi lenye hewa. Mmea wa maharagwe humpa mtoto wake chakula cha njiani. Okidi haimpi kitu. Faida yake ni wepesi, maana upepo huweza kuzipeleka mbali kabisa mbegu ambazo hesabu yake ni maelfu kwa maelfu. Hasara yake ni kwamba mbegu ikitua haiwezi kuota peke yake. Lazima ikutane na kuvu wa aina fulani, wale wenye nyuzinyuzi waishio kwenye gome na kwenye takataka. Kuvu huingia ndani ya mbegu, na badala ya kuimaliza, hugeuzwa kuwa mlezi: mche mchanga humeng'enya nyuzi hizo na kupata sukari. Mpaka utakapotoa jani la kwanza na kuanza kujipikia kwa jua, mche huishi kwa hisani ya kuvu, hisani ambayo kuvu hakuombwa ridhaa. Mbegu nyingi hutua pasipofaa, zikafa. Kutokana na tunda zima, mmea mmoja ukifika utu uzima ni bahati.

Jambo hili lina matokeo kwa yeyote anayedhani okidi ikikatwa itajirudia upesi kama nyasi. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza hupita miaka.

Kasongo

Kituo cha mwisho ni Kasongo. Hapa palikuwa ngome ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na Dhanis yalipoiteka tarehe 22 Aprili 1893. Utawala ule ulipita, desturi zikabaki: kanzu na kofia siku ya Ijumaa, wali kwenye sinia, salamu ndefu ambazo ni utovu wa adabu kuzikatisha. Nje ya mji, nyika na misitu ya vijito hupokezana.

Okidi-chui ikichanua hapa au kwingine kokote, haihitaji darubini. Bua la maua hutokea karibu na ncha ya shina, hugawanyika matawi, na huweza kukaribia urefu wa mita moja, likiwa na maua kumi mpaka mia. Kila ua lina upana wa sentimita nne hadi sita. Vipande vitano vya nje, sepali tatu na petali mbili, hufanana sana: manjano au kijani hafifu, vimenyunyiziwa madoa ya kahawia. Madoa hayo hayana kanuni. Kuna mimea yenye maua ya manjano matupu, na mingine madoa yameungana mpaka ua limekuwa karibu jeusi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa karne ya 19 waliugawa mmea huu katika spishi nyingi. Mojawapo iliitwa Ansellia congoensis, kwa heshima ya nchi hii. Siku hizi zote huhesabiwa kuwa spishi moja, peke yake katika jenasi yake, na huo unaonekana uamuzi wa busara.

Petali ya tatu imegeuzwa kuwa mdomo wa manjano wenye ndewe tatu na matuta katikati, ambao ni uwanja wa kutua wadudu. Ua linapokua, kikonyo chake hujisokota nusu duara ili mdomo uwe chini. Juu ya mdomo kuna nguzo ndogo ambamo viungo vya kiume na vya kike vimeungana, jambo linalozitambulisha okidi zote. Chavua haiko unga unga kama ya mahindi. Imefungwa katika vifurushi vyenye gundi. Mdudu aingiapo hubandikwa kifurushi, naye hukipeleka ua jingine. Akikipoteza njiani, chavua yote ya ua lile imepotea.

Jina Ansellia ni la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyekuwa kwenye msafara wa Uingereza wa mto Niger mwaka 1841. Aliukuta mmea huu katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa ni Bioko, na John Lindley akautangaza kwa jina la kisayansi mwaka 1844. Wakati huo misafara ya Waswahili ilikuwa bado haijaanza kuvuka Lualaba. Mmea ulikuwa tayari na jina la Kilatini.

Afrika Kusini huutumia kwa dawa, na moshi wa mizizi yake hufukizwa kufukuza ndoto mbaya. Biashara ya dawa na ya mapambo imeupunguza katika baadhi ya nchi. Biashara ya kimataifa ya okidi zote hudhibitiwa na mkataba wa CITES, lakini mkataba hausimamishi shoka. Adui mkubwa ni kukatwa kwa mti wenyewe, kwa shamba au kwa makaa: mti ukianguka, wapangaji wote huanguka nao, na ardhini, kwenye kivuli na unyevu usiopitisha hewa, mizizi ya okidi-chui huoza.

Kilichoanguka hakijapotea chote. Kichaka hugawanyika kwa kisu safi, kila kipande kikibaki na mashina matatu au manne. Hufungwa kwa kamba ya mgomba kwenye panda ya mwembe, upande unaopata jua la asubuhi, mizizi ikigusa gome. Hakifukiwi wala hakiwekewi udongo. Humwagiwa maji nyakati za ukame tu, na mizizi mipya ikishalishika gome, kamba huachwa ioze yenyewe.